Chachu ya Mama Inaongea Tena

Mapendo, Goma
12 Aprili 2026

Mpendwa Yaya Mwavita, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini wewe, shemeji na watoto ni wazima, na kile kikohozi chako kimekuacha. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakula vizuri, ila macho yake yanazidi kufifia. Sasa ananitambua kwa hatua zangu, na bado ananiambia nimekonda.

Uliomba mama aje akae nawe Kalemie, na kama hataki, akutumie chachu yake ya mkate, maana ile uliyoondoka nayo ilikufa. La kwanza amekataa. Anasema magoti yake hayatafika hata bandarini. La pili nusura tulikose.

Unakumbuka chungu cha chachu kinavyokaa kwenye lile tundu la jiwe la volkano nyuma ya jiko, penye ubaridi. Kabla ya Idi, Aurélie, mke wa mwanangu Hassani, alisafisha nyumba nzima. Kwao Rutshuru ni wafugaji, na mwanamke anayeacha chombo cha maziwa kinuke uchachu anasemwa. Akadhani tumesahau maziwa. Alimwaga yote, akakisugua chungu, akakifukiza kwa moshi wa majani kama kibuyu cha maziwa, akakirudisha mahali pake kinang'aa.

Yaya, nilitaka kumfokea. Mama akanishika mkono, akamwita Aurélie, aliyekuwa ameanza kulia.

"Ile kitambala ya kufunikia, uliifula?"

"Hapana, mama. Iko mu kikapu."

"Basi nyamaza, mutoto wangu. Leta."

Kitambaa kilikuwa kigumu kwa makoko ya chachu iliyokaukia pale. Mama aliyakwangua kwa kupapasa, akayaloweka kwenye maji ya vuguvugu na unga kidogo wa ngano. Kila asubuhi na jioni alipunguza nusu, akaongeza unga na maji. Siku zikapita, hakuna kitu ila harufu mbaya. Mimi nilikwisha kununua hamira ya duka.

Aurélie hakukata tamaa. Alisema kwao hubakiza maziwa ya jana ili yagandishe ya leo, na hii ni kazi ileile. Mvua ilipoleta baridi, alikifunga chungu mgongoni kwa kitenge akifagia na kupika. Majirani wakauliza mtoto amezaliwa lini.

Asubuhi moja mama aliweka sikio kwenye chungu, akasikiliza.

"Iko inaongea," alisema.

Nikainama na mimi, nikasikia povu likipasuka polepole. Nakwambia ukweli, nawastahi wote wawili: mama kwa kutomvunja moyo mtoto wa watu, na yule binti kwa subira yake. Tangu siku hiyo chungu kiko mikononi mwa Aurélie. Sikuona wivu, au niliona kidogo tu.

Ndani ya bahasha utakuta makoko makavu ya chachu hiyo, aliyoyaanika Aurélie kivulini. Yaloweke, kisha uyalishe kama alivyofanya mama. Maji ya kijivu yakitokea juu, yamwage tu. Wekundu ukitokea, tupa yote. Usipooka kwa muda, ikande chachu iwe donge gumu, ulifukie kwenye unga. Na usiliache juani, maana nakujua.

Mzee Kakule anayekuletea barua hii mpe chai, amezunguka mbali. Msalimie sana shemeji Mahamudi na watoto wote. Hassani na Aurélie wanawasalimu. Mungu ailinde nyumba yenu na kuijaza baraka.

Jambo moja la mwisho. Mkate wa kwanza ukitoka motoni, nipigie kabla hujaukata. Mama hawezi kuja wala kuuona, kwa hiyo nitamwekea simu sikioni. Usimsalimie kwanza. Kata tu, asikie ganda.

Mdogo wako anayekupenda na kukukumbuka,
Waridi