Mashine ya Kupima Kinini

Jumatatu, 2 Machi 1987
Jenereta imewaka saa tatu. Nimeingiza uzito wa wagonjwa wa jana kwenye mashine yetu, kompyuta ya hospitali. Dozi za kinini, dawa ya malaria, zimetoka sawa. Déo, anayeandika programu, amefuta kazi ya mwisho ubaoni na kupiga mluzi. Mimi sina raha. Ubao unasema sisi tufanye nini. Hausemi mashine yenyewe inapaswa kufanya nini. "Andika hesabu ya kinini." Imeandikwa. Na mgonjwa asipopimwa? Hakuna aliyeamua.

Jumatano, 4 Machi
Mkaguzi wa wizara atakuja wiki ijayo. Bila kusoma masharti ya mashine, yaani inapaswa kufanya nini, hataturuhusu kuitumia kwa wagonjwa. Déo anataka tupige taipu zile kazi za ubaoni, tumpe. Nimekataa. Ameniita mwanamke wa makaratasi, mbele ya Mama Charlotte, muuguzi wa watoto. Mimi na Déo tulisoma pamoja Kisangani. Imeniuma.

Ijumaa, 6 Machi
Kwa kujaribu tu, nimeacha nafasi ya uzito wa mtoto wazi. Mashine haikukataa. Ilichukua uzito wa mgonjwa aliyetangulia, mwanamume mnene wa Kasenyi, ikampangia mtoto kinini ya mtu mzima. Ingesimamisha moyo wake. Nimemwonyesha Déo.
"Kazi yangu iliisha," amesema. "Kosa iko ya ule anaacha kuandika."
Nimeondoka bila kumuaga. Hasira tupu.

Jumapili, 8 Machi
Neema, binti wa Déo, ameletwa na degedege. Malaria. Nilimkuta Déo amemshika miguu. Wodi imejaa, Mama Charlotte yuko peke yake. Mashine ilikuwa inawaka kwa mazoezi tu, lakini aliigeukia apate dozi haraka. Déo akaruka.
"Hapana, mama! Hesabu na mukono. Nakuomba."
Mama Charlotte akahesabu, akarudia. Déo hakuniangalia. Nilikuwa na neno mdomoni. Nashukuru Mungu nililimeza.

Jumanne, 10 Machi
Neema amefumbua macho. Ameomba maji.

Alhamisi, 12 Machi
Mkaguzi amefika. Mkurugenzi wa hospitali alishamwandalia chai na hotuba. Déo akasimama kabla yangu.
"Haiko tayari, bwana. Siye hatuyaandika bado yenye mashine inapashwa kufanya."
Mkaguzi amerudi bila kutia sahihi. Mkurugenzi hatusalimii. Naogopa kufukuzwa. Hata hivyo nimepumua.

Jumamosi, 14 Machi
Hakuna mafuta ya jenereta. Déo ameleta kiti chake, akaketi kando yangu.
"Tuandike masharti yako kwanza. Kazi utanipa kisha."
Asubuhi karibu yote imeishia kwenye sentensi moja: uzito usipoandikwa, mashine isitoe dozi, na iseme kwa nini. Hajaniomba msamaha. Sijamdai. Sasa tuko kwenye sentensi ya pili. Mvua inapiga mabati, hatusikiani vizuri. Tunasogeza viti.