Leo Mgeni Kalala Kwenye Gunia

Jumamosi. Ukungu tangu alfajiri, baridi ya mwezi wa sita, vidole vimekufa ganzi na moyo unanidunda kwa furaha.

Shajara, naandika huku nanuka. Nimeoga mara mbili kwa maji ya moto, nimejisugua kwa dodoki mpaka ngozi imekuwa nyekundu, na bado nanuka samadi. Sijali hata kidogo! Sijawahi kufurahi hivi tangu siku niliyofungua steshenari yangu pale mjini. Ngoja nitulie kwanza, nianze mwanzo, maana wapo wanaopita hapa mtandaoni kusoma ambao hawajui kwangu kukoje.

Kwangu tupo mimi, mama yangu, na vijibwa. Vijibwa vinne, na kirefu kuliko vyote hakinifiki gotini. Wa kwanza niliachiwa na mwenye nyumba ya wageni aliyehama Lushoto, kajike ka kahawia kenye sura ya mwalimu wa zamu. Akazaa, watoto watatu nikashindwa kuwagawa. Nilikuwa nimewapa majina mazuri ya kizungu. Mama alipohama Lukozi kuja kuishi na mimi kwa sababu ya miguu yake, alisema yeye na mbwa ni mbalimbali, na kabla mwezi haujaisha alikuwa ameyafuta majina yangu yote na kuweka ya kwake.

Watasema. Tumezoea. Niacheni. Mtachoka.

Mbwa wa Mama wote wana majina ya kumwambia mtu kitu. Jioni akitoka mlangoni na kupaza sauti, "Watasema! Niacheni! Njooni huku!", upande wa pili wa ua Mama Eliza anaacha kupepeta maharage yake. Anajua ni yeye anayeambiwa. Kisha kesho yake wanakwenda pamoja kwenye ibada ya mtaa wakiwa wameshikana mikono. Mimi nimeacha kuuliza.

Kuishi na mbwa wadogo wengi si mchezo. Mbwa mmoja mkubwa akibweka unajua kuna jambo. Wangu wanabwekea bodaboda, wanabwekea kuku, wanabwekea ukungu ukipita. Niacheni alibwekea ndoo mpya asubuhi nzima. Mtachoka anaiba kandambili, kila mara ya mguu wa kushoto, kwa hiyo nina kandambili nyingi na zote za kulia. Tumezoea anakula mpaka anahema. Na Watasema, mama yao, ndiye mwenyekiti wa hao wote. Kwenye jiko la nje, karibu na mafiga, kuna gunia la viazi nililowatandikia, na hakuna anayelala pale bila ridhaa yake.

Sasa ndiyo tufike kwa Mgeni.

Wiki chache zilizopita nilikwenda gulio la Lukozi kumchukulia Mama maharage, nikamkuta kati ya magunia ya karoti, analowa. Mweupe, sikio moja jeusi, mkia umekatika umebaki kipande kama kidole gumba. Niliuliza ni wa nani, kila mtu akamsukumia mwenzake. Nikamtia ndani ya koti. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Mama, na nilipofika mlangoni nikayasahau yote.

Mama hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba. Alimtazama, akanitazama, akasema, "Mwenye gunia ni Watasema. Akimkubali, abaki. Asipomkubali mpaka mjomba wako aje, ataondoka naye kwenda shambani kwake Bungu."

Nikamuuliza basi tumwite nani.

"Simpi jina anayeondoka."

Kwa hiyo akawa Mgeni tu.

Naomba nisieleweke vibaya, mjomba wangu si mtu mbaya. Lakini mbwa wake ni mbwa wa shamba, wanashindana na nguruwe pori kwenye mahindi, na kila mmoja wao anaweza kummeza Mgeni na sikio lake jeusi. Kumpeleka kule ni kumuua, ila polepole. Nilimwambia Mama hivyo. Akasema na mimi nikimwacha afukuzwe kila usiku kwenye baridi hii namuua vilevile. Na alisema kweli.

Maana Watasema alikataa katakata. Mgeni akisogelea gunia, yeye anamnusa, nywele zinamsimama mgongoni, halafu ni kelele jiko zima. Watoto wake wanamuunga mkono bila hata kuuliza kosa. Mama Eliza akaja kulalamika, na safari hii alikuwa na haki. Usiku nikawa namwiba Mgeni na kumlaza miguuni kwangu, Mama akijifanya haoni.

Nikajiambia, labda wanamkataa kwa uchafu. Alikuja na viroboto, kweli. Basi nikaanza kumwogesha. Kila siku, shajara. Kila siku! Sabuni ya watoto, maji ya vuguvugu, kisha nampaka mafuta ya mgando yale yenye marashi, kwa sababu baridi ilikuwa inampasua pua. Ndivyo Mama alivyonilea mimi, sikwenda shule bila kung'aa. Mgeni akang'aa. Akanukia kama mtoto wa ubatizo. Na kila jioni nikampeleka jikoni, na kila jioni Watasema akamfukuza vibaya kuliko jana.

Leo mjomba ndiyo alikuwa anakuja.

Sikufungua steshenari. Nikamwogesha Mgeni kwa mara ya mwisho, nikampaka mafuta, nikamchana, nikalia kidogo juu ya beseni. Nilitaka angalau aende akiwa nadhifu. Nikamweka kibarazani ajikaushe, nikaingia kutafuta kitambaa kikavu.

Nilipotoka, kibaraza kitupu.

Chini ya nyumba matuta yanashuka mpaka bustani ya bondeni, na jana Mama alinunua samadi kwa ajili ya kabichi. Lundo zima, mbichi, linafuka mvuke kwenye baridi. Nilisikia kwanza kelele, halafu nikawaona. Wanne wangu walikuwa juu ya lundo wanagaragara, chali, miguu juu, wamepagawa. Na Mgeni wangu mweupe alikuwa anashuka matuta mbio kuwafuata!

Nikapiga kelele. Nikakimbia. Nilikuwa nimevaa kandambili mbili za kulia, na tuta la mwisho lilikuwa na umande. Sitaeleza nilivyoanguka. Niseme tu kwamba nilifika kwenye lundo kabla ya Mgeni, na nilifika kwa uso.

Nilipofuta macho, Mgeni alikuwa pembeni yangu, ndani ya samadi mpaka masikio, anajigeuza huku na huku kwa raha ambayo sijawahi kuiona kwake. Watasema akasimama. Akaja. Nikajua sasa atamrarua, nikanyoosha mkono kumzuia.

Akamnusa shingo. Akamnusa tumbo. Akarudi shingoni, akanusa tena kwa muda mrefu, nywele za mgongo zimelala.

Kisha akamlamba sikio.

Shajara, nilikaa pale kwenye samadi nikaanza kucheka na kulia pamoja. Kumbe ni mimi! Kila jioni nilikuwa nampelekea mbwa mpya kabisa. Watasema anaanza kumzoea, mimi namfua harufu yote, kesho namletea mwingine anayenukia duka la vipodozi. Maskini Watasema, lazima alidhani tunapokea mgeni mwingine kila siku inayokuja. Na leo wote watano wananuka kitu kimoja. Sita, nikijihesabu na mimi.

Walipanda nyumbani kwa mstari, Watasema mbele, Mgeni katikati. Sikuwagusa. Niliwafuata kama mtu aliyebeba mayai. Wakaingia jikoni, wakajitupa kwenye gunia kando ya mafiga, mmoja juu ya mwingine, na Mgeni akajichimbia chini ya shingo ya Tumezoea. Hakuna aliyenguruma. Nilisimama mlangoni nikitetemeka kwa baridi na sikuthubutu hata kukohoa.

Nikasikia getini salamu ya mchana ya Kishambaa, "Onga mshi!"

Mjomba. Ana kofia yake ya sufu na kamba ya katani mkononi.

Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba akirudi nyuma hatua moja kwa harufu. Mama akatoka, wakasalimiana Kishambaa chao kirefu, habari za shamba, za watoto, za goti, za mvua. Mimi nimesimama kati yao natiririka samadi na hakuna aliyeniuliza kitu. Mwishowe mjomba akauliza mbwa yuko wapi, Mama akamwonyesha jikoni, na sote tukaingia.

Kwenye gunia kulikuwa na kifurushi kimoja cha rangi ya samadi kinachokoroma. Huoni weupe, huoni weusi, huoni nani kaanzia wapi na nani kaishia wapi. Mjomba akainama, akazunguka upande huu, akazunguka upande ule.

"Ni yupi sasa, dada?"

Nilimtazama Mama. Yeye alikuwa anatazama gunia, na niliona macho yake yaliposimama. Palikuwa na kipande cha mkia kimechomoza chini ya shingo ya Tumezoea, kifupi kama kidole gumba. Alikiona. Naapa alikiona, na alijua kuwa nimemwona akikiona.

"Sijui, kaka," Mama akasema. "Hapa naona wa kwangu tu."

Mjomba akahesabu kwa kamba. "Uliniambia una wanne. Hawa watano."

"Basi simu ilikuwa mbovu. Njoo unywe chai."

Nilitaka kumkumbatia pale pale. Aliniwahi kwa kidole, "Wewe usinisogelee," akapita zake kwenda kuchemsha maziwa. Lakini nilimsikia akiimba, na Mama haimbi ovyo, anaimba tumbuizo lile aliloniimbia mimi utotoni. Mjomba akanywa vikombe vitatu. Alipoondoka alipewa kabichi kubwa mbili, akazifunga nyuma ya bodaboda kwa kamba ileile, na hakumtaja tena mbwa.

Nampenda mama yangu. Sisemi mara nyingi, kwa hiyo naandika hapa.

Nimeuliza kuhusu jina. Anasema bado anafikiria ni la kumwambia nani. Mama Eliza ameshaanza kupita pita karibu na ua. Amri niliyopewa ni moja tu, sabuni ya watoto nisiiguse tena, na mafuta yangu ya mgando yamehamishiwa chumbani kwake.

Sasa hivi jikoni kumetulia. Nimekwenda kuchungulia mara nyingi kuliko inavyostahili kwa mtu mzima mwenye biashara. Mgeni amegeuka chali, mdomo wazi, na Watasema amemwekea mguu kifuani.

Kesho ni Jumapili na kwaya yetu inaimba. Mimi ni sauti ya kwanza, nasimama mstari wa mbele, karibu kabisa na mchungaji. Harufu hii haitakuwa imetoka.

Acha waninuse.