Majina ya Kasense Yameingia

Majina ya wakulima wa Kasense yameingia yote kwenye kompyuta ya ushirika, na aliyeyaingiza ni Adelina, mwanangu wa kumzaa mimi.

Haya, sasa nikusalimu, shajara yangu. Leo Jumapili. Hapa Chanji upepo ni wa baridi na mawingu yamelala upande wa Pito. Mvua haiko mbali, na hilo ndilo lililokuwa linanikaba wiki nzima.

Jina lisipokuwamo, mwenye jina hapewi mbolea ya ruzuku. Msimu uliopita mdogo wangu Odilia, mjane wa huko Kasense, hakuwamo. Mahindi yake yalitoka ya njano, membamba kama nyasi. Nilimkuta anayapalilia hivyo hivyo.

Sitaki kuliona tena lile shamba.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini mwanangu anaandika programu, na nitasema mpaka majirani wachoke. Ile programu aliyoikuta kazini pale ushirika ilikuwa inatambaa. Lori la mbolea lingepakia majina hayajafika hata nusu. Nilimuuliza kulikoni.

“Mama, kila jina linapiga hodi peke yake. Linafunguliwa, linaingia, mlango unafungwa, ndipo linakuja lingine. Nataka yaingie kwa makundi, hodi moja.”

Akaiandika upya, majina yakaanza kumiminika. Kisha kundi la Kasense likagoma.

Huku kwetu mama asiye na simu huandikisha ya mwenzake. Wajane wa Kasense, Odilia akiwamo, wote waliandikisha simu ya Mama Fortunata, mwenyekiti wa jumuiya yao, maana ndiye huwaita. Kompyuta ikaona simu moja, ikadhani ni mtu mmoja anajirudia. Na kwa mtindo huu mpya, mmoja akikataliwa, kundi zima linarudishwa nje.

Mkubwa wake akamwambia, “Hao wajane watoe, wengine wapite. Watakuja mwakani.”

Jioni hiyo Adelina hakula. Nilimsogezea uji wa ulezi, nikakaa naye tu.

Asubuhi akamjibu mkubwa wake: “Shikamoo mzee. Siwatoi. Mmoja wao ni mama yangu mdogo, amenilea.” Akapanga kila mama atambulike kwa namba ya kitambulisho chake, simu ibaki ya kuitia tu. Mzee akaitazama kazi, akamwacha aendelee. Kundi zima likaingia kwa mkupuo.

Najivuna, ndiyo. Nani asingejivuna?

Lakini nilipompigia Mama Fortunata ampe Odilia simu, mdogo wangu hakushangilia. Aliuliza polepole, “Dada, una hakika nimo?”

Swali hilo ninalirudia tangu mchana. Mtu mzima, ana shamba lake na jembe lake, anauliza kama yumo.

Umo, Odilia. Mbolea itagawiwa hapo hapo Kasense, uwanja wa kanisa. Njoo na kitambulisho chako, na wenzako wote waje, asibaki hata mmoja nyumbani. Ni Jumatano.