Kivuli cha Pili kwenye Skrini

Jumanne, kliniki ya Waberi

Bado sijui niandike nini kwenye faili ya Hodan.

Ana miaka tisa, na mtindio wa ubongo umeukunja mkono wake wa kushoto tangu azaliwe. Kwa miezi minne nimemfanyisha mazoezi ya viungo kwa mchezo wa video. Kamera inamwona, kivuli chake kinatokea kwenye skrini, naye anainua mikono kudaka mipira. Wa kulia unadaka. Wa kushoto haujawahi kupita kiuno.

Leo mchana tulikuwa watatu tu chumbani. Mama yake alikaa nyuma yetu, mlangoni. Ghafla kikatokea kivuli cha pili, kidogo kama cha Hodan, kimesimama kushoto kwake, kati yake nami. Pale hapakuwa na mtu. Nilivuta pazia, nikaondoa kiti, nikafuta kamera. Hakikuondoka.

Kisha kikainua mkono wa kushoto, polepole, kama anayemwelekeza mwenzake. Hodan akacheka, akauinua wake. Ukafika begani.

"Wallahi, hiyo mkono haijawahi enda juu hivyo!" mama akasema huku akilia. "Abaayo, dada yangu, umemfanyia nini?"

"Sijafanya kitu," nilimjibu, na ni kweli.

Niliogopa, nikazima mashine. Hodan hata hakuitazama. Aliendelea kupunga mkono ule ule, akitabasamu, macho yake kwenye nafasi tupu kando yangu.

Kesho wanarudi. Natamani mkono uinuke tena. Ila sitaki kusimama pale niliposimama leo.