Ndara ya Delrose

Jumapili, tarehe 17 Septemba 1978

Dada mpendwa Delrose,

Nimeanza na tarehe kama Mwalimu alivyotufundisha, na sasa naapa: nitakueleza kila kitu cha hapa nyumbani, kizuri na kibaya, kila Jumapili nitakayopata stempu, bila kuficha.

U hali gani huko Kingston? Sisi hatujambo. Bibi magoti yanamsumbua asubuhi tu. Anakusalimu sana na anauliza kama huko chuoni mnapewa shelisheli au mnakula mikate ya dukani kama watalii. Mbuzi amezaa wawili. Mvua imeanza, na njia ya kwenda mtoni ni tope tupu.

Kitanda chako nalala mimi. Bibi ameniambia, "Usijinyooshe sana, mwenyewe atarudi akiwa mwalimu, atakuchapa."

Jumanne ilikuwa siku ya kliniki. Ndara zilipangwa mlangoni kushikia wenyewe nafasi tangu alfajiri, kumi na tisa, na wenyewe wamekaa chini ya paa la kanisa wanapiga soga. Ndara ya Mzee Cuffie ililiwa na mbwa, naye akagoma kutoka kwenye foleni akasema nafasi yake imo tumboni mwa mbwa, basi mbwa aingie kwanza! Bwana Tulloch karani alicheka hadi mhuri ukamwanguka. Unamjua alivyo, anagonga kadi zote mbio mbio kabla hata Nesi Pinnock hajachemsha sindano, ili asikose basi la saa tatu.

Nimeapa kusema kila kitu, lakini kuna jambo moja nakufanyia ambalo nitakuonyesha Krismasi. Hilo ni zawadi, kwa hiyo halihesabiki.

Tafadhali uwe unakula. Moyo wako uutunze, na ile sindano ya penisilini ya kila wiki ya nne usiikose huko, kama daktari alivyosema ulipougua ile homa ya baridi yabisi utotoni.

Mdogo wako akupendaye,
Ionie


Kingston, 5 Novemba 1978

Mdogo wangu Ionie,

Salamu nyingi kwako na kwa Bibi. Mimi sijambo kidogo. Barua zako nimezipata zote tatu, na ile ya mbuzi nimeisoma bwenini kwa sauti. Wenzangu sasa wanamwita kila anayechelewa chakula "Mzee Cuffie".

Koo liliniuma wiki nzima. Usimsomee Bibi hapa. Nilikwenda kwenye chumba cha wagonjwa cha chuo. Mhudumu akaniuliza, "Homa au jeraha?" Nikasema, "Koo, na pia nina kadi ya kliniki huko nyumbani." Akasema kadi za kliniki si kazi yake, niende zahanati ya mjini. Zahanati ya mjini wakaniambia niende nilikoandikishwa. Nikawaeleza kwamba nilikoandikishwa ni kwetu Portland, mwendo wa basi siku nzima. Yule mama dirishani akanijibu, "Basi, binti, si uende? Unafikiri sindano zina miguu?" Watu nyuma yangu wakacheka.

Nikarudi bwenini, nikasukutua maji ya chumvi. Koo limepona lenyewe, kwa hiyo msiwe na wasiwasi.

Masomo yanakwenda vizuri. Mwandiko wangu ubaoni umesifiwa mbele ya darasa zima. Mwezi wa tatu mkaguzi atakuja kututazama tukifundisha, na atakayefaulu ataendelea mwaka wa pili.

Dada yako,
Delrose


Jumapili, 31 Desemba 1978

Dada mpendwa,

Habari za siku nyingi? Hujaandika tangu koo lile, na Krismasi hukuja. Najua barabara ilikatika pale mlima ulipoporomoka, na simu ya kituo cha polisi imekufa mpaka leo. Lakini Bibi alikuwekea sahani yako mezani, akaifunika kwa kitambaa, hata kesho yake hakutaka nile.

Kinywaji cha maua mekundu nilikitengeneza mimi. Tangawizi ilizidi. Bibi alikohoa akasema, "Huyu anataka kuniua nirithiwe."

Zawadi yako basi ngoja Pasaka. Inaongezeka kila mwezi, na Jumanne itaongezeka tena.

Nilimsomea Bibi barua yako nikaruka pale pa koo. Akanitazama. "Wewe mtoto, unasoma barua au unaitafuna? Mbona karatasi ndefu na maneno mafupi?" Nikasema mwandiko ni mkubwa.

Heri ya mwaka mpya. Tafadhali andika.

Mdogo wako,
Ionie


Kingston, 20 Februari 1979

Ionie mpenzi,

Nisamehe kwa kimya changu, na nisamehe kwa mwandiko huu. Si haraka. Mkono ndio hautulii.

Mkono ulianza hivi Januari. Nilidondosha kikombe, kisha kingine. Wenzangu wakanitania, "Delrose ana mchumba, anatetemeka." Sasa hawatanii. Mkono wa kulia unaruka wenyewe, uso unajikunja bila mimi kutaka, na nalia kwa kitu kidogo kama kifungo kukatika. Juzi nilisimama ubaoni niandike tarehe, chaki ikachora kama kuku aliyekanyaga wino. Watoto walicheka. Mwalimu wangu hakucheka, na hilo liliniumiza zaidi.

Nimekwenda kila mahali. Daktari wa macho akanipima macho. Daktari wa mifupa akanitazama magoti. Mshauri wa wanafunzi akaniuliza kama nimegombana na mwanamume. Daktari wa chuo akasema ni hofu ya mtihani, akanipa vidonge vya kulala. Kila mmoja ana faili lake kabatini kwake, na hakuna aliyefungua la mwenzake. Kila ninapofika naanza upya: jina, umri, unaumwa nini. Nimechoka kujisimulia.

Ila wiki iliyopita amekuja nesi mpya, Nesi Wauchope, mwanamke mnene mwenye sauti ya mchungaji. Alizunguka ofisi zote nne, akarudi na mafaili yangu kifuani kama mtu aliyebeba kuni. Akayafunga kwa kamba moja. Akafunga mlango, akaniambia, "Mimi sina haraka. Wewe ni mmoja, siyo wanne. Anza tangu ulipokuwa mtoto." Nikamweleza saa nzima, hata lile nililowaficha nyumbani. Mwisho akaniuliza swali ambalo sijaulizwa na mtu hapa: "Wewe mwenyewe unataka nini?" Nikamwambia nataka kuandika ubaoni. Akaliandika kwenye faili, juu kabisa, kabla ya ugonjwa.

Yeye anadhani ni homa ile ile ya utotoni imerudi kwa mlango mwingine, na kwamba wakati tunabishana moyo wangu unaliwa. Lakini hawezi kunitibu bila idhini ya daktari, na daktari anataka kumbukumbu za kliniki ya nyumbani. Ameshaandika kuziomba.

Niombeeni. Bibi msomee salamu tu.

Dada yako,
Delrose


Jumapili, 4 Machi 1979

Dada mpendwa,

Pole, pole, pole. Nimelia, kisha nimefurahi, kwa sababu barua ya Nesi Wauchope imefika salama! Nilikuwapo Ijumaa Bwana Tulloch alipoifungua. Alinakili daftari kwa wino mweusi, mwandiko wa kupendeza, akasema, "Dada yako ana kumbukumbu safi kuliko mtu yeyote wa wilaya hii. Hajakosa hata mwezi mmoja!" Nikaona fahari mpaka masikio yakawaka moto.

Sasa watakutibu. Nasali asubuhi na jioni. Nakutumia mkate wa muhogo kwa dereva wa basi.

Mdogo wako,
Ionie


Kingston, 13 Machi 1979

Ionie,

Namtajia rafiki yangu Yvette maneno, naye ananiandikia, maana kalamu sasa siiwezi.

Majibu ya kliniki yamekuja. Yanasema nimechomwa penisilini kila wiki ya nne tangu nilipoondoka: Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, Januari mara mbili, Februari. Mihuri saba.

Ionie, mimi sijachomwa hata moja. Hili ndilo nililowaficha. Tangu Agosti sijaona sindano, kwa sababu kila dirisha lilinituma kwenye dirisha jingine, nami nikaacha kwa kuwa nilijiona mzima.

Daktari ameiweka ile karatasi mezani mbele yangu. "Mwanafunzi husahau, binti. Daftari halisahau. Mtu mwenye sindano saba hapatwi na homa hiyo." Nikamwambia nilikuwa hapa Kingston, waulize walimu. Akasema wiki ya nne wanafunzi wengi hutoroka kwenda kwao. Sasa kwake mimi ni mwongo au mwendawazimu. Nesi Wauchope alipiga meza: "Mwenye mwili ndiye anayesema! Mihuri inaumwa na nini?" Akaambiwa akae chini.

Jana nilipanda ngazi mbili nikakosa pumzi. Ijumaa ya tarehe 23 kikao cha chuo kitakaa, na Mkuu wa wasichana amekwisha kusema nirudishwe nyumbani kwa kutofaa kazi ya ualimu. Nesi anasema safari ile ya basi katika hali hii inaweza kuwa safari ya mwisho.

Usiku najiuliza kama kweli niliwahi kuja huko nikasahau. Mdogo wangu, wewe huona kila kitu, nisaidie. Ni nani alikuwa anakwenda kwa jina langu? Au mimi nimepoteza akili?

Delrose


Jumapili, 18 Machi 1979

Dada yangu mpendwa Delrose,

Hujapoteza akili. Ni mimi.

Niliapa kukueleza kila kitu, na leo ndiyo natimiza. Siku ulipoondoka, nilimsikia Bwana Tulloch akimwambia mama mmoja kwamba kadi ikikosa mihuri mitatu inatupwa kwenye sanduku la bluu, na mwenyewe lazima aanze upya hospitali kuu. Nikaogopa utapoteza nafasi yako. Kwa hiyo kila Jumanne ya kliniki niliamka mapema, nikaweka ndara yako ya kijani kwenye foleni, ile uliyoiacha. Kadi yako uliyoiacha nayo nikaitia kwenye kopo la biskuti pamoja na nyingine. Bwana Tulloch akiita "Delrose!" bila kuinua kichwa, nilisema "Yupo!" Akagonga. Nikachukua kadi na ndara nikaenda shule. Nesi Pinnock hakuniona, maana yeye huanza baada ya mihuri. Dada, tangu tukiwa wadogo tumewashikia watu nafasi, Bibi, Mzee Cuffie, na kila mtu alinisifu. Nilidhani baada ya madirisha yale ulipata pa kuchomwa huko Kingston, na huku mimi nakulindia jina. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yangu.

Barua yako ilikuja jana. Nilimsomea Bibi yote, bila kuruka. Aliacha chungu kikaungua. Nikasubiri anichape. Akavaa kofia ya kanisani, akasema, "Inuka. Aliyefunga kamba ndiye ajuaye fundo." Tukaenda kwa Nesi Pinnock, Bibi na magoti yake, maili mbili.

Nesi Pinnock alitusikiliza pale pale mlangoni kwake. Akaniuliza mara tatu, "Na wewe hukuchomwa? Na yeye hakuwapo?" Nikajibu kila mara. Akamwita Bwana Tulloch kutoka nyumbani kwake, akiwa na sabuni ya kunyolea shavu moja. Bwana Tulloch alisema, "Nitafukuzwa kazi kwa ajili ya ndara?" Nesi Pinnock akamjibu, "Binti wa watu atakufa kwa ajili ya basi lako la saa tatu. Kaa uandike." Akaandika, sabuni ikimkauka shavuni.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua yao wawili, yenye sahihi, inayosema mihuri yote saba ni ya uongo na hukuchomwa hata mara moja tangu tarehe 15 Agosti. Utakuta kadi yako. Utakuta pia karatasi yangu nyingine niliyomwandikia Nesi Wauchope, yenye tarehe za kila Jumanne ya kliniki na saa niliyofika shule nikiwa nimechelewa, ili daktari aweze kumwuliza Mwalimu wangu. Mpe akaifunge pamoja na mafaili yale kwa kamba ile ile.

Dereva wa basi ameapa kwa Bibi kwamba kesho jioni ataiweka mkononi mwa Nesi Wauchope mwenyewe, siyo dirishani. Kikao ni Ijumaa. Nimehesabu, zinabaki siku tatu kamili.

Sikuombi unisamehe sasa, maana kusamehe kunachosha na wewe unatakiwa upumzike. Mwambie Yvette akulaze na mito miwili. Bibi anasema hatakufunikia sahani tena, anataka uile mwenyewe.

Kama mkono hauwezi na Yvette hayupo, mwombe Nesi aandike neno moja tu nyuma ya bahasha na ampe dereva yule yule arudi nalo. Jumanne nitamngojea barabarani tangu basi la kwanza.

Mdogo wako,
Ionie

Dada, wamekuchoma sindano?