Telefone yenye haingoje «à vous»

Mama yangu wa Vuhovi, wavukire!

Huku Butembo mvua haiachi, mais nimeona ajabu. Mucuruzi mumoja iko na telefone ya satellite, haina waya. Tulisimama inje kwa mvua, sababu inataka mbingu wazi, nikaita kaka Paluku kule Kinshasa, ng'ambo ya vita. Nikamusalimia, nikasema «à vous», ni kusema zamu yako, nikanyamaza, sawa kwenye phonie, ile redio ya parokia, kwenye mumoja anasema na mwingine anangoja. Naye akasema «à vous», akanyamaza.

Mwenye telefone akacheka: «Museme tu wote, hapana kungoja!»

Donc nikamuelezea vile ulishaanza kumuwashia mushumaa wa marehemu, sababu tangu vita hatukupata habari yake. Nilikuwa ningali nasema, nikamusikia analia.

Ulale sasa, Mama. Mutoto wako iko muzima.

Masika