Mashine ya Zeeshan Isizimwe

Jumatano, 9 Oktoba 1996

Leo imegoma tena. Nimeitoa kompyuta ya mwanangu Zeeshan pale stoo, nyuma ya magunia ya sukari, nikapuliza vumbi kwenye vitufe, nikasafisha hedi inayosoma kaseti kwenye redio kwa pamba na spiriti. Kaseti yenye gemu lake ikalia mikwaruzo yake — kiiii! — halafu runinga ikabaki nyeusi. Nikarudisha nyuma. Tena. Na tena. Mpaka ikakubali.

Na likatokea duka letu! Alilichora mwenyewe akiwa kidato cha pili, likizo nzima hakutoka nje. Mtoto anakimbia kati ya madebe ya mafuta, mzee mnene mwenye miwani anamfukuza na fimbo (mzee ndiye mimi, ahsante sana mwanangu), na mlangoni mama yake amesimama na sahani. Ukimfikia mama, umeshinda. Sijawahi kumfikia. Nakimbizwa na mimi mwenyewe, na kila mara najikamata.

Mfanyabiashara mzima wa Shinyanga mjini, nacheza gemu nimejificha kama mwizi! Mke wangu Anar hajui. Akiona hata soksi ya mtoto hali chakula siku hiyo.

Mwaka umepita tangu malaria imchukue. Keshokutwa ni hitima yake. Bado nasikia anashuka ngazi. Bado nageuka.

Ijumaa, 11 Oktoba

Asubuhi, kabla wageni hawajafika, nilipakia gemu. Ikakubali mara ya kwanza! Nilikuwa sijacheza vizuri wakaniita nje, masufuria ya pilau yamefika. Sikuizima mashine. Kuipakia tena ni vita. Nikazima runinga tu.

Hitima imekwenda vizuri. Watu walijaa mpaka barazani. Sheikh ana sauti ya kutoa machozi, nami nikayatoa, mbele ya wateja wangu wote. Anar aliweka redio kaseti karibu na mkeka wa Sheikh, amrekodie dada yake aliye Uingereza. Ndivyo tufanyavyo siku zote. Harusi, misiba, salamu za Idi, vyote huenda kwa kaseti.

Nimechoka. Stoo sijaingia tena.

Jumamosi, 12 Oktoba



Anar alinipa kaseti niipeleke posta. Ni kaseti ya Zeeshan. Mwandiko wake uko pembeni. Vile vitundu vya juu vya kuzuia isifutwe vimezibwa kwa selotepu ili irekodi.

Nikamuuliza, umeitoa wapi? Akajibu, stoo, ilikuwa ndani ya redio. Niliisikiliza kwanza, Baba Zeeshan, inapiga kelele tu, imeshaharibika. Ina jina lake, nikaona ndiyo inayofaa kwa hitima yake.

Ndiyo inayofaa!

Nilijifungia stoo, nikauma kofia yangu wasinisikie. Nimeisikiliza upande huu na upande ule. Sheikh anasoma, watu wanaitikia amina. Dua za mwanangu zimemfuta mwanangu. Mola anisamehe kwa sentensi hii, lakini siikati.

Halafu nikaishika mashine. Ya moto! Sikuwa nimeizima! Nikawasha runinga — duka lipo. Mtoto yupo, amesimama, ananingoja.

Ila sasa yumo kichwani mwa mashine tu. Umeme ukikatika hata kidogo, basi, amekwenda. Kurekodi gemu kwenye kaseti mimi sijui, najua kupakia tu. Anayejua ni Masele, yule kijana wa Kishapu aliyesoma na Zeeshan, wakijifungia na mashine hii kila Jumapili. Siku hizi ananunua dhahabu Geita. Nimempigia simu Umesh mwenye duka kule, amwambie aje haraka.

Umesh akauliza nani anaumwa. Nikasema Zeeshan. Akasema anamtuma mtu sasa hivi.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimekataza pasi, fyuzi isije ikakatika. Nimezima friji. Paskazia anayetupikia ananung'unika kuwa maziwa yatachacha. Yachache!

Umeme umeyumba mchana. Nilisimama mbele ya runinga mikono imeinuliwa, kana kwamba ningeuzuia. Picha ilitikisika, ikatulia. Nimeiwekea mashine feni, nikaiombea pia.

Umesh anasema Masele yuko ndani huko machimboni, ametumiwa mtu. Njoo baba, njoo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Masele amefika! Vumbi mpaka kwenye kope. Shikamoo baba, akaingia stoo moja kwa moja. Alipoliona duka akakaa juu ya gunia, akafuta macho kwa kofia. Anasema si kazi ngumu: tunasimamisha gemu, tunaandika amri moja, kaseti mpya inazunguka kidogo, tumemaliza. Redio iko wapi, akauliza.

Redio anayo Anar chumbani, anasikiliza hitima. Nikamwomba. Ya nini, akauliza. Sikuwa na uongo wa karibu. Nikamwambia yote palepale mlangoni, Masele akiangalia viatu vyake.

Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Alikuja na redio mkononi, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo cha runinga.

“Huyu mwenye sahani ni mimi?”

“Ni wewe, mayu,” Masele akasema. Bado anamwita mama kwa Kisukuma, kama zamani.

“Amenivalisha ile nguo yangu nyekundu.” Akavuta debe, akakaa. “Nioneshe anavyokimbia.”

“Turekodi kwanza, mayu. Halafu utacheza mpaka uchoke.”

Hakumsikia. Au alimsikia.

Sasa anacheza, nami naandika hapa juu ya gunia kwa sababu sijui mikono yangu niipeleke wapi. Mzee mnene ameshamkamata mara kadhaa. “Mwache mtoto, Liaquat!” anamfokea mzee kwa jina langu, kisha anacheka. Anacheka! Nilidhani kicheko hicho tulikizika pamoja na mtoto.

Taa ya stoo imefifia, ikarudi. Masele ameshika waya wa redio, ananitolea macho. Baba, mwambie aache, ananong'ona. Mwambie wewe, namjibu. Taa inafifia tena. Anar ameyapita madebe yote, mimi sijawahi kufika hapo, na ananiuliza bila kugeuka: mtoto akinifikia pale mlangoni, huwa nasema nini?